Mafuta Mekundu Tuliyoyamwaga Jumapili

Siku tuliyomzika baba, mchungaji alisimama kando ya jeneza akasema kwamba tunamsindikiza mtu ambaye hakuwahi kumdanganya yeyote. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimeshika karatasi mbili za wasifu wake, zamu yangu ya kusoma ikiwa inafuata. Katika karatasi ya pili palikuwa na sentensi ambayo wazee wa ukoo waliniagiza nisiisahau, kwamba baba alikuwa mwanamume wa kwanza pale kwetu kumruhusu mkewe aendeshe gari. Nilipoifikia sentensi hiyo niliiruka. Hakuna aliyegundua isipokuwa mama. Yeye aliinua kichwa kutoka kwenye kiti chake cha mbele, akanitazama mpaka nikamaliza kusoma.

Nilizaliwa upande wa Boito, mahali ambapo ukifungua mlango wa jikoni unakanyaga mashina ya chai. Mama yangu alipata polio akiwa mtoto. Mguu wake wa kushoto ulibaki mwembamba, akitembea nao ukiwa umebanwa na vyuma pande zote mbili, na vyuma hivyo vilikuwa na mlio wake, kidogo kama geti linalofungwa polepole. Nikiwa kitandani asubuhi ningejua mama yuko wapi ndani ya nyumba bila kufungua macho.

Kaka yake mkubwa ndiye aliyemletea pikapu. Ilikuwa ya bluu, mlango wa abiria umebonyea, na ilikuwa otomatiki. Wanaume wa kwetu waliicheka. Gari la mizigo lisilo na klachi, walisema, si gari, ni kiti. Lakini mama hakuwa na haja ya klachi. Gari lile lilitaka mguu mmoja tu, wa kulia, na huo alikuwa nao mzima. Alijifundisha kuendesha katika uwanja wa shule wakati wa likizo, nami nikiwa kando yake, na kwa vile sikujua Kiingereza alinitafsiria herufi zilizo kwenye gia. P ni Pumzika, R ni Rudi, N ni Ngoja. Tulipofika D alifikiri kidogo, kisha akasema, "Hiyo ni Dunia. Ukiweka hapo unaenda popote."

Akaenda popote kweli. Alfajiri alikusanya maziwa ya majirani akayapeleka kwenye mtambo wa kupoza. Siku za soko alipakia kabichi na viazi akashuka Mulot, akarudi na mahindi na maharagwe. Wanawake waliokuwa wakimwonea huruma kwa sababu ya mguu wake walianza kumngoja barabarani na mizigo yao, wakimwita dereva. Mwaka ule wakulima wa maziwa walianza kusema kwamba agombee nafasi katika kamati yao, iliyokuwa na wanaume watupu. Jioni alipoingia nyumbani alikuwa amechoka na amechafuka, na alizungumza kwa sauti ya juu kama mtu ambaye bado yuko kwenye upepo.

Baba alikuwa karani katika kituo cha kununulia majani ya chai. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye mwandiko mzuri, na nilimpenda kuliko mama. Naandika hili waziwazi kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki. Mama alikuwa mkali, mkono wake ulikuwa mwepesi, na hakuwa na muda. Baba ndiye aliyenichania nywele. Ndiye aliyenisimulia jinsi babu yake alivyokuwa akiwatoa ng'ombe damu kwa kuwapiga mshale mdogo shingoni, damu ikatiririka kwenye kibuyu, kisha akaziba tundu na ng'ombe akarudi kula majani kana kwamba hakuna lililotokea.

Alasiri moja nilipitia pale kituoni kumpelekea mwavuli wake. Alikuwa ndani na mizani yake. Nje, chini ya mabati, wanaume walikuwa wamekaa juu ya vikapu vyao wakisubiri lori. Waliponiona mmoja akasema, "Mtoto wa karani huyo. Mwambie baba yako tunampongeza. Tumesikia ameolewa." Wakacheka wote hadi mmoja akashika ubavu.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilijua harusi ni kitu kizuri, na pongezi ni kitu kizuri. Nikaingia ndani nikikimbia nikamwambia, kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Baba, wanakupongeza! Wanasema umeolewa!"

Nje kicheko kiliripuka upya. Baba alikuwa anaandika. Aliweka kalamu chini, akaiweka sawa kabisa na ukingo wa daftari, akauchukua mwavuli mkononi mwangu. Tulipotembea kwenda nyumbani hakunishika mkono. Nilifikiri amekasirika kwa sababu nilichelewa na mvua ilikuwa imeshanyesha.

Muda si mrefu baada ya hapo pikapu ilianza kusitasita. Mama akibadili kutoka Ngoja kwenda Dunia, ilikaa kidogo, kisha ikaruka mbele kama mtu aliyesukumwa mgongoni. Mama akaipeleka kwa Fundi Odhiambo. Huyu alikuja kwetu zamani kutoka upande wa ziwa kufanya kazi katika karakana ya kiwanda cha chai, kisha akafungua karakana yake mwenyewe pale senta penye maduka, shimo moja la saruji lililoezekwa mabati manne. Aliwahi kuniambia kwamba gari halisemi uongo, na kwamba ndiyo maana aliichagua kazi hiyo.

"Ni mafuta ya giaboksi, Mama," alisema. "Yamezeeka. Tutamwaga yote, tubadilishe na filta, itakuwa sawa."

Mama alikaa juu ya tairi pembeni ya shimo kwa sababu ya mguu wake, akanituma mimi nishuke nione kila kitu kwa niaba yake. Fundi alifungua boliti moja chini ya sampu, lile sinia linaloshika mafuta ya giaboksi, na mafuta yakatoka meusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Yalinuka maharagwe yaliyoungua. Alifungua boliti nyingine moja moja kuzunguka sampu, akaishusha kwa mikono miwili kama mtu anayebeba sahani ya supu, akanionyesha sumaku ndogo iliyokaa chini yake ikiwa imevaa tope la kijivu. "Hii ni vyuma vimesagika," alisema. "Kidogo ni kawaida. Zikiwa nyingi ndio unalia." Kisha akachomoa filta ya zamani, kitu bapa kama kandambili, akampandishia mama. Mama aliipindua huku na huku, akainusa.

Fundi akasafisha sampu, akafunga filta mpya na gasketi mpya ya kuzuia kuvuja, akakaza boliti kidogo kidogo kwa kupishana. Tukapanda juu. Mama alikuwa amenunua mafuta mwenyewe, makopo yaliyofungwa, na Fundi aliyafungua mbele yake. Yalikuwa mekundu. Sikuwahi kuona kitu chekundu namna ile kikimiminwa ndani ya gari, na nilisogea nyuma. Yalishuka kwenye faneli yakienda ndani ya bomba jembamba, kopo baada ya kopo, na harufu yake ilikuwa tamu kidogo. Injini ikawashwa. "Mama, peleka gia polepole, herufi moja moja, halafu rudi," Fundi alisema, na mama akafanya hivyo, midomo yake ikitaja kimya Pumzika, Rudi, Ngoja, Dunia. Fundi akachomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena na kumwonyesha. Mafuta yalifika kwenye alama.

Tuliporudi nyumbani pikapu ilipanda kilima kwa sauti ya chini, bila kushtuka hata mara moja. Mama alicheka peke yake.

Jumapili iliyofuata mama alibaki kanisani kwa mkutano wa wanawake. Baba alinirudisha nyumbani. Badala ya kukaa kwenye kivuli na redio yake kama kawaida, alibadilisha shati, akachukua karai la kufulia na ile spana inayopanuliwa ishike boliti yoyote, ambayo mafundi huiita kwa jina nililokatazwa kulitamka, akalala chini ya pikapu.

"Unafanya nini, Baba?"

"Kuja unishikie karai."

Nikaingia chini kwa tumbo. Spana iliteleza kwenye boliti mara mbili tatu, ikaiparuza. Kisha yale mafuta mekundu yakaanza kushuka ndani ya karai, mazuri vile vile kama tulivyoyaweka.

"Fundi alijaza kupita kiasi," baba alisema. "Yakizidi yanamdhuru mama yako. Unakumbuka ng'ombe wa babu? Tunalitoa damu kidogo tu, lipumue."

Nilielewa mara moja. Nilishika karai kwa mikono yote miwili lisitikisike. Lilipokaribia kujaa akaikaza boliti, akabaki akitazama chini ya gari, kisha akaifungua tena kidogo. Tulikwenda kuyamwaga nyuma ya choo, kwenye nyasi za mpakani. Alisuuza karai kwa sabuni ya unga mara tatu.

"Usimwambie mama," alisema. "Atagombana na Fundi bure, na Fundi ni mtu mzuri. Hii ni siri yetu mimi na wewe."

Alinishika mkono kutoka nyuma ya choo hadi mlangoni. Hakuwa amenishika mkono tangu siku ile ya kituoni. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama hiyo.

Siku mbili baadaye ilikuwa siku ya soko la Mulot. Shule zilikuwa zimefungwa. Baba aliondoka mapema kwenda kituoni, na baada ya yeye kuondoka mama aliamua ghafla kwamba nifuatane naye nikamsaidie kuhesabu kabichi. Nilikaa mbele, miguu juu ya gunia.

Katika mteremko na tambarare pikapu ilikwenda. Tulipoanza kupanda kilima kirefu, injini ilianza kupiga kelele na gari likawa halina nguvu. Mama alikanyaga zaidi. Kelele ikaongezeka, mwendo ukapungua, na ile harufu ya maharagwe yaliyoungua ikajaa ndani. Kisha tukasimama, injini ikinguruma kwa nguvu zake zote, na gari likaanza kurudi nyuma.

Mama alikanyaga breki na kuvuta ya mkono, lakini mzigo ulikuwa mzito na barabara ilikuwa na unyevu. Hakupiga kelele. Aligeuza shingo, akatazama nyuma, akazungusha usukani kwa mikono yake yote hadi tukagonga ukingo wa udongo upande wa juu wa barabara. Ungekuwa upande wa pili tungeangukia kwenye mto. Nilipiga kipaji cha uso kwenye dashibodi. Vyuma vya mguu wa mama vilijikunja chini ya pedali, na ilibidi mtu mwenye trekta avipinde kwa mikono ili amtoe. Kabichi zilikuwa zinabiringika kuteremka kilima, moja moja, hadi mbali.

Fundi Odhiambo aliitwa, akafika kwa pikipiki. Alichomoa kijiti cha kupimia mbele ya watu waliokuwa wamejaa. Kilikuwa kikavu, ncha yake tu ina alama ya hudhurungi.

"Mafuta yangu yako wapi?" mama aliuliza.

"Mama, niliweka yote. Uliona mwenyewe."

"Niliona ukiweka. Sikuona ulivyotoa."

"Mimi nitoe kwa nini?"

"Uende kuwauzia wengine! Mwizi! Nimekuamini na mtoto wangu karibu afe. Rudi kwenu ukaibe huko!"

Fundi alilala chini ya gari akatazama. Alipotoka alifuta mikono, kidole baada ya kidole. Ndipo nilipoelewa jambo moja tu, kwamba watu wamekosea na mimi ninaweza kulirekebisha. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Baba angeeleza. Angesema kwamba tulipunguza kidogo, pengine tulipunguza kupita kiasi, na wote wangesameheana.

Jioni baba aliingia akaona bandeji kichwani mwangu. Uso wake ulibadilika rangi. "Na huyu alikuwa huko?" aliuliza. Mama alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya kigoda, akisimulia juu ya mwizi wa senta. Alipomaliza nikasema:

"Lakini Mama, Fundi hakuiba. Mimi na Baba tulipunguza. Jumapili. Baba, si tulipunguza?"

Nilimgeukia nikitabasamu. Nakumbuka hilo, kwamba nilikuwa nikitabasamu.

Baba alinitazama. Kwa muda kidogo nilifikiri atasema. Kisha akamtazama mama, akasema kwa upole uleule wa kunichania nywele, "Mtoto amegonga kichwa. Anaota."

"Baba, kwa karai! Nyuma ya choo!"

"Cherono. Acha uongo."

Mama aliinuka kwa mguu mmoja akanizaba kofi ambalo nililisikia sikioni hadi kesho yake. "Unamtetea mwizi kwa kumsingizia baba yako?" Baba alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Hakunyoosha mkono.

Asubuhi nilikwenda nyuma ya choo. Pale tulipomwaga, nyasi zilikuwa zimeanza kunyauka, doa la njano lenye ukubwa wa karai. Nilichuchumaa nikalishika kwa kidole na kunusa, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuamini kwamba kweli niliota. Nilipoingia ndani baba alikuwa ameniwekea yai la kuchemsha kando ya chai yangu. Hakula yeye, lilikuwa moja tu. Aliniambia mimi ni mtoto mzuri. Nikalila.

Habari za mafuta zilienea kutoka Boito hadi barabara kuu. Watu waliacha kupeleka magari kwa Fundi Odhiambo. Siku chache kabla ya shule kufunguliwa nilimkuta akiteremsha mabati ya karakana yake, mkewe akifunga vyombo kwenye gunia bila kumsemesha.

"Fundi," nikasema, "ni sisi tulimwaga. Mimi na Baba."

Alikaa juu ya lile tairi. Hakushangaa. "Umemwambia mama?"

"Nilimwambia. Akanipiga."

Alitikisa kichwa polepole. "Basi usirudie. Mimi niko na spana zangu, nitakula popote. Wewe unakula pale."

Walihamia Siongiroi. Pikapu iliuzwa kwa mtu aliyeivunja kwa ajili ya vipuri. Mama alingoja gari lingine ambalo baba alisema watanunua, na kila mwaka palikuwa na sababu. Maziwa yakachukuliwa na kijana wa pikipiki. Habari za kamati hakuzitaja tena. Sauti yake ikashuka, ikawa sauti ya mtu aliye ndani ya nyumba. Kule kituoni wanaume wakaacha kucheka, na baba akaanza kutembea akiwa mrefu zaidi. Alibaki mpole. Hakuwahi kumpiga mama wala kumtukana. Alimletea maji ya moto ya mguu kila jioni hadi alipozeeka, na kila jioni nilipokuwa nyumbani nilimtazama akiyabeba.

Nilimuuliza mara moja tu, nikiwa mtu mzima, nikimpeleka hospitali Kericho kwa gari langu. Nilisema, "Baba, kwa nini yale mafuta?" Nilifikiri atajifanya hajui. Alitazama dirishani, chai ikipita pande zote.

"Mama yako angekufa na ile gari," alisema. "Nilimwokoa."

"Mimi nilikuwa ndani, Baba."

"Haukupaswa kuwa ndani," akasema, kana kwamba kosa lilikuwa hilo.

Wiki moja baada ya mazishi mama aliniuliza ni sentensi gani niliyoiruka. Tulikuwa tumekaa barazani, tukichambua maharagwe. Nikamwambia yote, kuanzia ile siku ya mwavuli. Alisikiliza hadi mwisho, mikono yake ikiendelea kuchambua, kisha ikasimama. Hakulia. Aliuliza, "Fundi yuko wapi sasa?" Nikasema bado yuko Siongiroi. "Nipeleke."

"Leo?"

"Leo."

Tulimkuta katika karakana kubwa kuliko ile ya zamani, nywele zikiwa nyeupe, vijana watatu wakimfanyia kazi. Mama alikataa mkono wangu. Alitembea na vyuma vyake hadi katikati, mahali ambapo wote wangesikia.

"Unanikumbuka?"

"Mama Cherono," alisema Fundi. "Nitakusahau vipi?"

"Nilikuita mwizi mbele ya watu. Nikakuambia urudi kwenu. Nimekuja kusema mbele ya watu wako kwamba hukuniibia. Mafuta yalimwagwa na mume wangu. Nisamehe."

Vijana waliacha kugonga. Fundi alitazama mikono yake. "Nilijua hayakutoka yenyewe," alisema. "Ile boliti ilikuwa imeparuzwa na spana ambayo mimi situmii. Lakini ningemwambia nani? Mtoto wako mwenyewe alisema, hakuaminiwa."

"Nisamehe," mama alirudia.

"Nimesamehe, Mama. Ni vile tu mke wangu alishafariki. Hadi alipokuwa anaumwa alikuwa ananiuliza, 'Kwani yale mafuta uliyapeleka wapi?' Angependa kusikia hii."

Mama alimsogelea. Kisha akamshika mkono kwa mikono yake miwili, ukiwa na grisi vile vile, akageuka.

Ndani ya gari alitazama barabara hadi tulipoiacha Siongiroi nyuma kabisa.

"Ulisema mara moja," alisema. "Nikakupiga, ukanyamaza. Miaka yote hiyo nimekaa na yule mtu, na wewe unatutazama. Ungesema mara ya pili."

"Ungenipiga tena, Mama."

"Ningekupiga tena," akakubali. "Halafu ungesema mara ya tatu."